Andika Nane

Siku ile ya Desemba 2003 baba alirudi kutoka mazikoni akakataa kula. Alilitundika koti nyuma ya mlango, akakaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, na mama alipomwita mezani akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Walikuwa wamemzika rafiki yake, mtu waliyefanya kazi pamoja relini zaidi ya miaka ishirini, na historia ya marehemu iliyosomwa kanisani haikuzidi dakika mbili. Kuzaliwa, kuajiriwa, kustaafu, idadi ya watoto na wajukuu.

"Wamemsoma kama hati ya mshahara," aliniambia. "Mama, kesho niletee daftari. Ya kwangu nitaisema mwenyewe."

Nilikuwa nimekwenda Tabora likizo ya shule. Ombi lake halikunishangaza. Kwetu ni Urambo, walikofika wamisionari wa Kimoravian mwaka 1898, na ndugu wa Herrnhut kule Ujerumani, lilikotoka kanisa letu, tangu karne ya 18 waliandika wenyewe habari za maisha yao ili zisomwe siku ya kuzikwa kwao. Baba aliujua utaratibu huo na aliupenda. Aliona si vizuri mtu aondoke bila kuwasimulia wenzake safari ilivyokuwa.

Kesho yake asubuhi, baada ya chai, nikakaa naye barazani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, maembe yametapakaa uani. Mama alikuwa kwenye mkeka hatua chache kutoka kwetu, anachagua mchele kwenye ungo. Nilidhani baba angeanza na kuzaliwa kwake. Akaanza na nyundo.

Aliikabidhiwa mwaka 1950, mwaka ule ule njia ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda ilipofunguliwa kwa ajili ya madini ya risasi. Karibu kilomita 210 za msitu wa miombo na mbung'o, na wafanyakazi wa gangi, kikosi cha kutunza reli, wakiishi kambini kando ya reli na familia zao. Kazi yake ilikuwa kuamka kabla ya jua na kutembea kipande chake cha njia kwa miguu, begani nyundo na spana, mfukoni bendera mbili, nyekundu na kijani, na fataki za kufunga juu ya reli endapo kuna hatari mbele, ili dereva asikie mlipuko asimamishe gari. Nikaandika hayo nikataka tuendelee. Akanizuia. Alichukua kijiko cha chai, akagonga ukingo wa bakuli la udongo, likalia vizuri. Kisha akaomba lile lenye ufa ambalo mama alikuwa akilishia kuku, akaligonga nalo.

"Umesikia? Zima linaitika. Lenye ufa linakata sauti katikati. Reli ni hivyo hivyo. Macho yanaweza kukudanganya, sikio halikudanganyi. Andika."

Nyundo peke yake ilijaza kurasa tatu. Siku ile nilikuwa na haraka, nikaona mzee anapoteza karatasi. Leo ndizo kurasa ninazozifungua mara nyingi kuliko zote.

Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli ikawa ya shirika la Tanzania, aliupitia kwa sentensi moja: "Mwajiri alibadilika, nyundo ni ile ile." Wakati huo tulikuwa tumeshahamia Tabora mjini. Kutoka hapo simulizi lake likaingia kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa, alitunza sadaka, alikwenda kuombea wagonjwa kwa baiskeli, lakini alichotaka kiandikwe ni tarumbeta. Alipiga besi, lile kubwa linalomzunguka mpigaji kama chatu. Usiku wa kuamkia Pasaka alipaka midomo samli, na alfajiri tulikwenda wote makaburini, giza bado, tukasimama katikati ya misalaba kungoja jua la ufufuo. Mimi mdogo nilisimama nyuma yake nikaweka kiganja mgongoni mwake, nikawa nausikia wimbo mkononi kabla haujafika masikioni.

"Sasa familia," akasema. "Andika: Mungu alitujalia watoto saba."

"Nane," mama akasema. Hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

Kalamu yangu ikasimama. Habari za mtoto wa nane nilizijua kwa dada yangu mkubwa, kwa kunong'onezwa. Mbele ya baba sikuwahi kusikia zikitajwa. Alikuwa wa tatu kuzaliwa, wa kiume, akafa kwa homa kambini mwaka 1961, masika, ana miezi mitano. Maji yalikuwa yamekata tuta la reli mbali na pale, na wanaume wote wa gangi walikuwa huko usiku na mchana. Mama alimzika na wanawake wenzake wa kambini. Mchungaji hakuwapo, ubatizo ulikuwa haujafanyika, tarumbeta ndiyo usiseme. Baba aliporudi siku ya tano alimkuta mama amekaa tu. Hakuuliza kaburi liko wapi, wala mama hakumwonyesha. Miaka 42 ilipita hivyo.

Baba alikaa kimya kwa muda mrefu, kile kijiko bado kiko mkononi.

"Andika nane," akasema. Nikafuta, nikaandika. "Na mahali uandike. Jiwe la maili 82, mkono wa kushoto ukielekea Mpanda, chini ya mninga."

Mama aliacha kuchagua mchele.

"Baba watoto, nani alikuonyesha?"

"Nilipita pale kila asubuhi kwa miaka minne, mama. Udongo uliochimbwa jana naujua. Nilikuwa nasimama, nagonga reli mara tatu, halafu naendelea na njia."

Mama alimtazama. Kisha akalitaja jina la nyumbani la yule mtoto, taratibu, silabi kwa silabi kama anayemfundisha mtu kuandika, nami nikaliandika kwenye daftari. Liko humo, la kwetu wenyewe.

Baadaye akajifunga kanga vizuri, akanyanyuka na ungo wake.

"Jana hukula," akamwambia baba. "Sasa utakula?"

"Nipakulie."

Akaenda jikoni. Alirudi na sahani mbili, akavuta mkeka mpaka penye kile kiti cha kamba, akaketi hapo.