China ya Desemba: Watu Wawili, Mabegi Mgongoni

Mwalimu hana muda wa kusafiri mbali isipokuwa Desemba. Mimi na mke wangu sote tunafundisha sekondari, na kwa hiyo tulipokuwa tayari na akiba ya kwenda kuitembea China kwa treni, kila mmoja akiwa na begi lake mgongoni, majira hatukuyachagua sisi. Watoto tuliwaacha Tanga kwa bibi yao. Ndugu walitusihi tuahirishe, kwani waliokwisha kwenda huko kwa masomo walikuwa wamewaeleza habari za barafu na upepo. Nimerudi nikiamini kinyume chake: kwa wawili wanaojipangia safari wenyewe bila wakala, Desemba ni wakati mzuri sana, mradi waelewe baridi ya China ilivyo, maana haiko pale mtu anapoitarajia.

Nianze na kalenda. Krismasi si sikukuu ya taifa nchini China, na Mwaka Mpya wa tarehe 1 Januari huleta mapumziko mafupi tu. Sikukuu kubwa ni mwaka mpya wa Kichina, ambao hufuata mwezi na huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Mwaka 2025 ulikuwa tarehe 29 Januari, na mwaka 2026 tarehe 17 Februari. Kwa muda wa siku 40 hivi, kabla na baada ya sikukuu hiyo, mamilioni ya watu hurudi makwao na kupata tiketi ya treni huwa kazi ngumu. Anayesafiri Desemba hutangulia mbele ya wimbi hilo. Vitanda vya hosteli huwa vya bei ya chini, na hata kiingilio cha Kasri la Kifalme la Beijing, ambalo kwa jina la zamani huitwa Mji Uliokatazwa, hushuka kutoka yuani 60 hadi 40 kuanzia Novemba hadi Machi. Bado lazima uweke nafasi mapema kwa namba ya pasipoti, na Jumatatu hufungwa.

Sasa baridi yenyewe. Katika miaka ya 1950 serikali ya China iliamua kwamba miji iliyo kaskazini mwa mstari unaofuata milima ya Qinling na mto Huai ipatiwe joto la umma wakati wa kipupwe, na iliyo kusini isipatiwe. Mpaka leo utaratibu huo umebaki kwa kiasi kikubwa. Beijing, kwa kawaida kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Machi, maji ya moto hupitishwa kwenye mabomba hadi ndani ya kila nyumba. Nje tulikuta nyuzi nane chini ya sifuri, lakini ndani ya chumba chetu cha hosteli tulikaa na fulana, na nguo tulizofua jioni zilikuwa zimekauka alfajiri juu ya bomba la joto lililo chini ya dirisha. Kinachosumbua kaskazini ni ukavu wa hewa: midomo hupasuka, ngozi hufanya unga, na ukigusa kitasa cha mlango unapigwa na shoti ndogo ya umeme. Kopo la mafuta ya mgando lilitufaa kuliko sweta la tatu.

Kuhusu Beijing sitasema mengi, kwa kuwa habari zake zinapatikana kila mahali. Nitasema tu kwamba kwenye Ukuta Mkuu, sehemu ya Mutianyu, tulipata nafasi ya kusimama ndani ya mnara wa walinzi sisi wawili peke yetu na kuutazama ukuta ukipanda na kushuka juu ya milima isiyo na majani, jambo ambalo wenyeji walituambia ni nadra sana wakati wa kiangazi. Tulikuwepo pia siku ya Dongzhi, yaani siku yenye usiku mrefu kuliko zote, inayoangukia tarehe 21 au 22 Desemba. Siku hiyo watu wa kaskazini hula jiaozi, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama na mboga kisha vikachemshwa, na wazee husema asiyekula masikio yake yataganda. Sisi tulivila mtaa wa Niujie, ambako Waislamu wa Beijing wana msikiti ulioanzishwa mwaka 996, kwa hiyo nyama ilikuwa ya kondoo na hatukuwa na shaka nayo.

Harbin inastahili kuelezwa kwa kirefu. Iko takriban kilomita 1,200 kaskazini mashariki mwa Beijing, saa tano hivi kwa treni ya kasi, na ni mji uliokua pamoja na reli ambayo Warusi walianza kuijenga mwaka 1898. Ndiyo maana katikati ya maghorofa ya Kichina limesimama Kanisa la Mtakatifu Sofia, lililoanzishwa mwaka 1907 na ambalo jengo lake la sasa, lenye kuba kubwa la kijani, lilikamilika mwaka 1932. Kila Desemba mto Songhua unapoganda, mafundi huingia juu yake na misumeno na kukata mabonge ya barafu, ambayo husafirishwa hadi kwenye uwanja wa maonyesho na kujengwa majumba, minara na ngazi. Desturi hii ilitokana na taa za barafu: wavuvi na wakulima waligandisha maji kwenye ndoo, wakatoa kipande kilicho wazi katikati na kuweka mshumaa ndani yake. Maonyesho ya taa hizo mjini yalianza mwaka 1963, tamasha rasmi linalofunguliwa kila tarehe 5 Januari lilianza mwaka 1985, na uwanja mkubwa wa sasa ulianzishwa mwaka 1999. Uwanja huo kwa kawaida hufungua milango Desemba, kabla ya tamasha lenyewe, na sisi tuliuwahi.

Tuliingia saa tisa alasiri ili tuuone kwa mwanga wa jua kabla ya taa kuwashwa, kwa kuwa huko jua hutua mapema, kabla hata ya saa kumi na moja. Nilisogeza uso karibu na ukuta mmoja na kuona ndani ya barafu mistari ya viputo vya hewa, vidogo kama punje za ulezi, vikiwa vimepangana kwa namna maji yalivyokuwa yakiganda tabaka kwa tabaka. Giza lilipoingia, taa zilizofichwa ndani ya kuta ziliwashwa, na viputo vile vile vikageuka bluu, kisha kijani, kisha vyekundu. Mke wangu alisimama pale muda mrefu akiwa ameshika ukuta kwa mikono yenye glavu mbili mbili. Wakati huo joto lilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Vinyweleo vya puani huganda ukivuta pumzi ya kwanza, kope hushikwa na ukungu mweupe, na simu iliyokuwa na chaji nusu huzimika ghafla mkononi. Dawa ya yote hayo ni vibandiko vya joto vinavyouzwa kwa bei ndogo katika kila duka la Harbin: ni vifuko vyenye unga wa chuma unaopata moto ukikutana na hewa. Unavibandika juu ya nguo ya ndani, kamwe si juu ya ngozi, kimoja mgongoni na vingine kwenye soksi, na simu unaiweka mfuko wa ndani karibu na mwili. Tukiwa hivyo tulitembea usiku ule bila kuteseka, na kila tulipochoka tuliingia kwenye vibanda vya chai ambamo miwani yangu ilijaa ukungu papo hapo.

Kutoka Beijing kwenda Xi'an tuliiacha treni ya kasi kwa makusudi na kuchukua ile ya usiku, daraja la vitanda vigumu. Kila chumba cha behewa kina vitanda sita, vitatu kila upande, wala hakina mlango. Kitanda cha juu ndicho cha bei ya chini kabisa, lakini mtu mrefu hawezi kuketi juu yake. Cha chini ni ghali kidogo na kabla ya taa kuzimwa hugeuka kuwa kiti cha watu wote. Sisi tulichukua cha chini na cha katikati, upande mmoja, na nawashauri wanandoa wengine wafanye hivyo, kwa sababu mabegi yanakaa chini ya kitanda cha mmoja wenu na huna haja ya kumwamsha mgeni. Kila behewa lina mtungi wa maji ya moto, na abiria hupita na vikombe vya tambi na chupa za chai usiku kucha. Bibi mmoja aliyekuwa akisafiri na mjukuu wake alimwekea mke wangu machenza mapajani bila kusema neno, akamenya la kwanza yeye mwenyewe ili tusione haya, na sisi tukampa korosho za kwetu. Kwa msaada wa programu ya tafsiri kwenye simu aliuliza tuna watoto wangapi na nani anawalea, na alipojua wako kwa bibi yao alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mambo mawili ya utaratibu niyaseme hapa. Malipo karibu yote ni kwa simu, kupitia Alipay au WeChat, na mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya benki ya nje. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato ya huduma. Pili, kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika, na kwa kuwa hoteli ndiyo inayofanya kazi hiyo, wapo wenye nyumba ndogo za wageni wanaoogopa usumbufu. Sisi tulikataliwa mapokezini usiku, tukiwa tumekwisha lipia, na ilitubidi kubeba mabegi mitaa kadhaa. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa kama wanapokea wageni wa nje.

Xi'an ndio mji nilioupenda kupita yote. Watu huenda kuona askari wa udongo waliofukuliwa tangu wakulima walipochimba kisima mwaka 1974, na sisi tulikwenda. Tuliendesha baiskeli pia juu ya ukuta wa mji, unaouzunguka kwa kilomita zaidi ya 13. Lakini jioni zote tulizimalizia katika mtaa wa Waislamu. Msikiti Mkuu wa Xi'an hauna kuba, na mnara wake ni jengo la mbao la paa zilizopindwa ncha, ndani ya bustani zinazofuatana moja baada ya nyingine. Niliswali magharibi humo, na wazee wa Kihui, yaani Waislamu wa Kichina, wenye kofia nyeupe walinipa mkono na salamu ile ile ninayoitoa kila siku msikitini kwetu Ngamiani. Karibu na hapo ndipo tulipojifunza kula paomo. Unaletewa bakuli tupu na mkate mgumu mkavu, nawe unaumega kwa vidole, vipande vidogo kama maharage, mpaka uishe. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na hakuna anayekuharakisha. Kisha bakuli hurudishwa jikoni pamoja na kibandiko cha namba yako, ili usipewe mkate uliomegwa na mtu mwingine, na hurudi likiwa na supu ya kondoo, tambi nyembamba na vitunguu saumu vilivyolowekwa pembeni. Mpishi alitazama bakuli langu, akatazama la mke wangu, akamsifu yeye.

Treni ya kasi kutoka Xi'an hadi Chengdu, kwenye reli iliyofunguliwa Desemba 2017, hupenya milima ya Qinling yenyewe kwa mahandaki marefu. Unaingia gizani kaskazini na kutoka kusini, ambako mashamba ni ya kijani na hewa ina unyevu. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 7 juu ya sifuri, tukafurahi na kuvua makoti. Usiku wa kwanza ndipo tulipoelewa ule mstari unamaanisha nini. Chumba hakikuwa na bomba la joto, sakafu ilikuwa ya vigae, shuka zilikuwa na unyevu, na mke wangu alikaa kitandani na kofia kichwani akasema, "Baba Nasra, nje kuna afadhali kuliko humu ndani." Alisema kweli. Wenyeji wenyewe huvaa koti wakiwa mezani na huacha milango ya mikahawa wazi, na joto hulitafuta kwenye chungu cha mchuzi wa pilipili na kwenye kikombe cha chai. Tulishinda asubuhi kwenye kituo cha dubu aina ya panda, ambao kipindi hicho huchangamka kuliko wakati wa joto, na alasiri kwenye viti vya mianzi vya bustani ya chai, mikono ikizunguka kikombe kinachojazwa maji ya moto tena na tena kwa bei ile ile. Kwa yeyote atakayekwenda: soksi nzito na nguo ya ndani ya sufu usizitume nyumbani ukiondoka Harbin. Utazihitaji Chengdu zaidi.

Tulimalizia Guangzhou, ambako jua lilikuwa la kutosha kuvaa shati, na mtaani Xiaobei tulisikia Kiswahili cha wafanyabiashara wa Kariakoo wakihesabu mizigo. Kutoka hapo kuna ndege ya moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Mimi naona atakayefuata njia hii aigeuze, aanzie Guangzhou na kupanda kaskazini kidogo kidogo, mwili uzoee na makoti ayanunue njiani. Mke wangu hakubali. Anasema Harbin ifanyike mwanzo, nguvu zikiwa mpya, kisha kila mji unaofuata uwe nafuu kuliko uliopita, ukiitoa Chengdu.