Grisi kwenye kidole cha Ami

Jana jioni, pale kijiweni Maweni, kijana wa bodaboda alikuwa ameifungua kabureta ya pikipiki yake na kuitandaza juu ya kiti. Mkono mmoja ameshika jeti, kile kijichuma chenye tundu dogo la kupimia petroli, mwingine una uzi wa waya wa breki, anauchomeka tunduni na kuuzungusha. Mimi nina mkate kwapani na magharibi imekaribia, lakini miguu ilikataa kupita.

"Mwanangu, jeti haichomwi waya. Ipulize."

"Uchafu umegandia, mzee."

"Iroweke kwenye petroli, kisha uipulize kwa pampu. Tundu hilo ukilipanua hata kidogo, pikipiki itakunywa mafuta kila siku nawe hutajua kisa."

Aliitikia kwa adabu, sijui kama alifuata. Nilipofika nyumbani nilikuwa namuwaza Ami, na usingizi ulichelewa.

Ilikuwa 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha na kutuachia barabara ya mashimo. Mimi nimemaliza shule, nashinda gerejini kwa Ami nikiosha vyuma. Mtaliano mmoja mwenye nyumba njia ya Casuarina akaileta Alfa Romeo Spider yake ikivutwa kwa kamba na Land Rover. Ilikuwa ile 1750 ya mkia wa mviringo, nyekundu, ya mwisho wa miaka ya 60. Malindi Wataliano si wageni. Walianza kurusha setilaiti kule Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco baharini, mwaka 1967, na Ami Kitaliano cha gereji alikisema bila kukwama. Lakini gari kama ile ilikuwa nadra. Watoto wa mtaa walijaa mpaka Ami akafunga lango.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Gari ikiwa imesimama, injini inapanda na kushuka yenyewe. Ukikanyaga mafuta taratibu inasita, inapiga chafya kupitia kabureta, kisha ndipo inashika. Ikishachanganya mwendo, haina neno. Ilikuwa imepitia gereji nyingine mjini, na huko fundi alifungua skrubu zote za mchanganyiko ili petroli iongezeke. Ikatulia siku chache, halafu ikaanza kunuka mafuta na kutoa moshi mweusi.

Mwenye gari alitaka kabureta zishushwe siku hiyo hiyo. Ami hakuzigusa. Alianza na moto: pointi, kondensa, taimingi. Akapima nafasi za vali. Alikuwa akisema kabureta ndiyo ya mwisho kushikwa kwa sababu ndiyo ya kwanza kusingiziwa, na mpaka leo sijapata sababu ya kumpinga.

Gari ile ina kabureta mbili za Weber, 40 DCOE, zilizolala ubavu, kila moja na makoo mawili. Kila koo linalisha silinda yake peke yake. Ndiyo maana Ami alizifungua plagi nne na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda. Ya kwanza nyeusi, ya pili nyeusi, ya nne nyeusi, zimejaa masizi. Ya tatu nyeupe kabisa. Plagi yenye afya huwa kahawia. Nyeusi imezidiwa petroli, nyeupe imezidiwa hewa na inachomeka. Akaniita.

"Petroli moja, skrubu zimefunguliwa sawasawa. Vipi watatu washibe, mmoja alale njaa?"

Nikajibu jeti imeziba. Akakubali kwamba yawezekana. Akafungua nati ya masikio iliyo juu ya kabureta ya nyuma, akainua kifuniko, akaitoa ile jeti ndogo inayolisha injini ikiwa haijakanyagwa. Ilikuwa imechongwa namba 50, maana yake tundu lina nusu milimita. Akaielekeza juani, akafumba jicho moja, akanipa nami nitazame. Nikaona duara safi la mwanga. Hata hivyo akaiosha, akaipuliza kwa pampu ya baiskeli, akairudisha. Injini ikaendelea kupanda na kushuka kama mwanzo.

Hapa ndipo ninapopakumbuka kuliko yote.

Ami alivua saa akanipa nishike. Akachota grisi kwa kidole cha shahada, tonge zima, akainama juu ya injini iliyokuwa ikiunguruma. Kati ya kabureta na injini pana raba nene, imewekwa ili mtikisiko wa injini usiifikie kabureta na kuvuruga petroli ndani. Alianza kuipaka raba ile kutoka juu, pole pole, huku macho yake hayatazami chochote. Alikuwa anatazama ukuta. Akapita ubavuni, injini ikabaki vile vile, inapanda, inashuka. Akaingiza mkono chini, mahali ambapo jicho halifiki, kifundo cha mkono kimegusa chuma cha moto na nikaona anakunja uso bila kuutoa mkono. Kidole kikasonga kama upana wa ukucha.

Injini ikatulia.

Haikupungua kidogo kidogo. Ilitulia mara moja, mlio ukawa mmoja. Nilisikia kunguru juu ya mkungu, ambao muda wote ule sikuwa nimewasikia. Ami hakutabasamu. Alingoja. Baada ya muda mfupi grisi ilinyonywa ndani, na injini ikaanza tena kuhangaika. Akapaka tena mahali pale pale, ikatulia tena. Ndipo akautoa mkono, akanionyesha kidole kana kwamba jibu limeandikwa pale.

Raba ilikuwa imepasuka kwa chini, ufa mwembamba wa uzee na joto. Injini isipokanyagwa, vipepeo vya kabureta, vile vibati vinavyofungua na kufunga njia ya hewa, hubaki karibu vimefungwa na mvuto ndani yake huwa mkubwa, kwa hiyo hewa hujipenyeza kwa nguvu hata kwenye ufa mdogo. Gramu moja ya petroli hutaka kama gramu 15 za hewa. Silinda ile ilikuwa ikipata hewa ambayo hakuna jeti iliyoihesabu. Ukikanyaga sana, hewa ya kawaida inakuwa nyingi mno na ile ya ufa haina uzito tena, ndiyo maana kwenye mwendo haikuwa na neno. Na yule fundi wa kwanza, kwa kuongeza petroli kote, alikuwa ametia masizi silinda tatu nzima kuficha njaa ya moja.

Raba mpya zilikuja kutoka Italia katika mkoba wa abiria. Tukazifunga. Ami akasawazisha kabureta kwa mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye koo, akahama koo hadi koo mpaka mvumo ukafanana, ule ule wa mivinje ya ufukweni wakati wa kusi. Kisha skrubu za mchanganyiko, moja moja, robo zamu kwa robo zamu. Tukaijaribu hadi Mambrui, na daraja la Sabaki tulilivuka ikivuta kutoka chini bila kusita.

Mwenye gari alipokuja kuichukua aliuliza swali la haki kabisa: yule wa kwanza alifanya nini hata nikamlipa?

Ami akafuta mikono. "Raba imezeeka tu, bwana. Huu si ugonjwa wa kuonekana kwa macho."

Kila neno lilikuwa kweli. Lakini nusu ya kweli ilibaki gerejini. Mtu yule aliondoka bila kujua kwamba alilipia masizi, na fundi wa mjini akaendelea na wateja wengine. Jioni nilimwuliza Ami mbona hakusema. Akaniambia aliulizwa gari ina nini, na sitara ya mwenzako nayo ni kazi. Sikuridhika. Nilidhani baadaye nitaelewa.

Sasa gereji ni yangu na sijaelewa bado. Mwezi uliopita mteja aliniletea Peugeot 504 pikapu iliyotoka kwa fundi mwingine, kabureta imekorogwa vile vile, na akaniuliza swali lile lile. Nilimweleza yote. Akaenda kudai pesa zake, akarudishiwa sehemu. Mteja alinishukuru, na nadhani alistahili kujua. Yule fundi ana watoto wanaosoma na wangu, na tangu siku hiyo msikitini anachagua safu nyingine. Ijumaa hii nataka nimfuate baada ya sala, ingawa sijajua nitaanza kwa kusema nini.