Usipunguze mafuta tu, badilisha aina
Kosa kubwa: mtu anaacha siagi, halafu pengo analijaza kwa mkate mweupe na soda. Moyo haupati nafuu hapo. Kolesteroli mbaya, ile inayojijenga kwenye kuta za mishipa ya damu, hushuka pale mafuta yanayoganda yanapopisha yale yanayobaki majimaji: ya alizeti, ya soya, pamoja na karanga na samaki wenye mafuta. Anayekula kalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 22 za mafuta yanayoganda. Kijiko kikubwa kimoja cha siagi kina kama 7 tayari! Na tafadhali someni pakiti za biskuti. Mkiona “mafuta yaliyohidrojenishwa kwa sehemu”, yaani mafuta ya majimaji yaliyogandishwa kiwandani, rudisheni. Hayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri kwa mpigo.