Siku moja maishani mwangu: mizinga miwili ya Fort Jesus

Saa 12 asubuhi. Niko kwenye feri ya Likoni, nimebanwa kati ya mikokoteni na bodaboda. Manowari ya doria inatoka Mtongwe, kambi ya wanamaji, kwenda bahari kuu. Nyembamba, pua imechongoka ya kupasulia mawimbi. Naisindikiza kwa macho.

Saa 2. Tunafungua lango. Wageni wawili, kisha kimya.

Saa 4. Wanafunzi arubaini! Nawaanzishia kwenye mizinga miwili niipendayo: mmoja wa Königsberg, manowari ya Wajerumani, mwingine wa Pegasus, ya Waingereza. Tarehe 20 Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, Pegasus ilikuwa Zanzibar ikitengenezwa mashine. Königsberg ikaivamia alfajiri, ikaizamisha, kisha ikajificha delta ya mto Rufiji. Manowari za Waingereza zikaishia mlangoni, maana kule ndani ni mafungu ya mchanga na mikoko.

"Anko, si wangeleta meli kubwa zaidi?"

Swali hili hulisubiri kwa hamu. Naazima beseni la mama wa mabuyu, natandaza mchanga, namimina maji ya vidole vitatu. Chupa iliyojaa nusu nikiisimamisha inakita mchangani, haisogei. Kifuniko cha sufuria nilichokipindua, juu yake mawe mawili, kinaelea hadi ng'ambo. Watoto wanasukumana kuona.

Hicho kifuniko ndicho Severn na Mersey, manowari mbili za Waingereza. Ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil: tumbo bapa, kina cha chini ya mita 2, na kila moja mizinga miwili mikubwa ya inchi 6. Bahari kuu hazikuiweza vizuri, zikakokotwa kutoka Malta. Tarehe 6 Julai 1915 zilijaribu zikashindwa. Tarehe 11 zikarudi, ndege ikiwaonyesha makombora yanaangukia wapi, na Königsberg ikaisha.

Mizinga yake 10 iliopolewa ikapigane nchi kavu. Walioivuta kwa kamba hadi Dar es Salaam ni watu wetu, mamia, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye chuma hiki. Hilo huniuma, na huwaambia watoto waziwazi.

Saa 7. Sala, pilau.

Saa 11 jioni. Feri tena. Kwa mara ya kwanza naiangalia vizuri: bapa, haina pua wala mkia, mlango huku na huku. Inasogea ufukweni hadi ulimi wa chuma unakwaruza zege, tunashuka miguu mikavu.