Nilivyoitoa sauti ya Babu kwenye kanda zilizoota koga

Kila niliyemwonesha zile kanda alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema zitie kwenye friza usiku kucha. Mwengine, zianike juani. Fundi mmoja wa redio pale Chake Chake, Pemba, simtaji maana bado tunasalimiana, aliipachika moja bila hata kuitazama, utepe ukajizonga ndani, akauchomoa kwa koleo. Kisha akaniambia: "Mambo ya zamani hayo, ndugu yangu, achana nayo. Kwani babu yako humkumbuki?"

Namkumbuka. Namkumbuka na kofia yake, na anavyoshika ngoe kulivuta tawi la mkarafuu, na anavyotugombeza tukikanyaga majamvi. Sauti ndiyo iliyokuwa imenitoka.

Kanda zenyewe ni barua. Miaka ya themanini Babu alikuwa shamba, upande wa Wete, na mdogo wake yuko Maskati, na wote wawili kalamu ilikuwa nzito mkononi. Basi Babu akikaa barazani na redio kaseti yake, anazungumza pande zote mbili, nusu saa huku na nusu saa huku, halafu anampa msafiri pamoja na karafuu na halua. Akimaliza anavivunja vile vimeno viwili vya juu ya kanda, ili vijana wa kule wasije wakarikodi taarabu juu ya maneno yake. Mzee yule hakuwa mjinga hata kidogo. Mdogo wake alipofariki, watoto wake wakaturudishia zote ndani ya bati la biskuti.

Koga niliitoa kwa pamba na spiriti, taratibu, nikiwa nimefunga pua. Magamba ya plastiki ya kanda yalikuwa hayafai tena, na kile kitambaa kidogo kinachousukuma utepe kwenye hedi, pale redio inapousoma, kilikuwa kimebanduka, kwa hiyo nikanunua kanda chakavu za muziki nikahamishia tepe za Babu humo. (Za kasida nisingethubutu kuzipasua.) Tafuta zenye skrubu, zile zilizogandishwa kwa gundi utazivunja bure. Gharama sikuiandika, labda elfu thelathini na kitu ukiongeza waya wa kuunganisha redio na kompyuta, na nauli.

Sauti ikatoka. Lakini haikuwa ya Babu, ilikuwa ya bata.

Nilichelewa kidogo kuelewa, nikakumbuka mawe, yaani betri. Babu hakuwa mtu wa kutupa mawe ya redio. Akiyaanika ukutani yapate jua, ayarudishe, mpaka yafe kabisa. Sasa redio yenye mawe mafu huuburura utepe wakati wa kurikodi. Ukija kuucheza kwa umeme kamili, mtu anasema mbio na sauti inakuwa nyembamba. Na kila kanda ikielekea mwisho, ubata unazidi.

Kupunguza mwendo kwenye kompyuta ni rahisi, programu ya Audacity inafanya na haina bei. Tabu ni kujua upunguze kiasi gani. Nani anaikumbuka sauti hasa? Ami anasema ilikuwa nzito, Shangazi anasema ya wastani, wanabishana mpaka chai inapoa. Ndipo nikasikia, nyuma ya maneno, tak, tak, tak. Saa ya ukutani! Ile ya kutia ufunguo, ambayo leo iko kwa Shangazi na bado inakwenda.

Nikafunga safari. Shangazi akatandika mkeka, akaleta chai na mkate wa kumimina, na mimi nimesimama nimeiegesha simu ukutani, nikirikodi.

"Mwanangu, umekuja kunitazama mimi au saa?"

"Nyote wawili, Shangazi."

"Muongo."

Nilihesabu milio ya dakika nzima, nikarudi kwenye kanda nikaikatakata vipande, kila kipande nikakipunguza mpaka milio ikalingana na ya saa ya Shangazi. Kipande cha kwanza kilipokaa sawa, Babu akakohoa. Kikohozi kile hakina mwengine duniani. Nilicheka peke yangu chumbani.

Ningeishia hapo, lakini mtoto wa dada yangu, anayesomea mambo ya kompyuta, akanishauri niondoe kelele. "Mjomba, itoke safi kama ya studio." Akabonyeza. Ikatoka safi kweli. Humo ndani Babu anamuuliza mdogo wake hali, anataja bei ya pishi, halafu ghafla, katika ukimya mtupu, anapiga ukelele: "Mvua! Mvua! Anueni karafuu!" Mvua iko wapi? Imefutwa. Babu anaonekana amerukwa na akili. Tukarudisha kanda ya asili, na mvua ikarudi juu ya bati, na majogoo, na miguu ya watoto wakikimbilia majamvi, na Bibi, ambaye hakuwahi kurikodiwa kwa makusudi hata siku moja, akisema: "Wewe endelea na redio yako, sisi tutazianua." Programu ilimhesabu Bibi kuwa ni kelele! Basi kwangu hafuti mtu kitu tena.

Kanda ya mwisho ndiyo iliyozusha mambo. Huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti wa yule, na Babu anamhesabia mdogo wake mikarafuu mmoja mmoja, nani aliupanda na ni wa nani. Anafika kwenye mkubwa wa karibu na kisima, anasema wazi kwamba ameutoa kwa binti yake. Binti yake ni Shangazi. Anayeuchuma miaka yote hii ni Ami.

Nimewatumia wote kwenye simu. Ami amesikiliza, amemsifu babake, amenishukuru kwa kazi nzuri, ila anasema pale kwenye kisima sauti haisikiki vizuri. Nimeongeza sauti nimemtumia tena. Bado hajajibu. Shangazi ameshaagiza ngazi.