Ninavyotambua noti za vita na kuzipangia bei

Bahasha ya noti za Vita Kuu ya Pili ikifika mezani, huwa sigusi bei kwanza. Nazitenga kulingana na maandishi: nani katoa, kwa fedha gani, na herufi gani zimepigwa pembeni. Watu wengi wakiona 1000 wanahisi wamelamba dume. Noti hizi zilichapwa bila hesabu, na mara nyingi herufi mbili ndogo zina uzito kuliko sifuri tatu.

Kwa kawaida fungu kubwa ni fedha za uvamizi za Japani, yaani noti ilizotoa katika nchi ilizoziteka. Nyingi hazina mwaka wala namba za mfululizo, kwa hiyo anayetafuta tarehe atazunguka bure. Tazama herufi. Ya kwanza ni eneo: B ni Burma, M ni Malaya, O ni Oceania (visiwa vya Pasifiki), P ni Ufilipino na S ni Indonesia ya enzi za Mholanzi. Zinazofuata ni za fungu la uchapaji. Kwenye noti ndogo za senti herufi hutenganishwa kwa mkwaju, mfano M/AB. Fedha yenyewe inathibitisha: dola ni Malaya, rupia yenye maandishi ya Kiingereza ni Burma, peso ni Ufilipino, shilingi na pauni ni Oceania. Za Indonesia zilianza kwa Kiholanzi, "De Japansche Regeering", kwa gulden. Toleo la baadaye limeandikwa "Dai Nippon Teikoku Seihu" na fedha yake ni roepiah. Hayo ni matoleo mawili, usiyachanganye.

Chukua dola 10 ya Malaya, ile yenye mgomba iliyofanya fedha ya uvamizi ya huko iitwe fedha ya ndizi. Katika namba za Pick, orodha ya noti ambayo wakusanyaji wengi hutumia, ni M7. Za mwanzo zina namba za mfululizo. Za baadaye zina herufi tupu. Picha ni ileile, lakini yenye namba ina bei ya juu mara nyingi zaidi. Ndiyo maana wapo wanaoipigia noti ya kawaida namba za bandia. Naikagua kwa lenzi ya mara 10: kama wino wa namba umekaa juu ya uchafu na juu ya mkunjo uliopasua rangi, namba ilikuja baada ya noti kuchakaa. Hapo naiweka kando.

Muhuri wa zambarau wenye neno JAPWANCAP kwenye peso huwapa watu matumaini ya kulipwa. Ni wa chama cha wadai wa Ufilipino kilichoanza 1953, na noti hizo hazikulipwa.

Fungu la pili ni fedha za majeshi ya Washirika. Mark za 1944 zenye maneno "Alliierte Militärbehörde" zilichapwa Marekani na pia Umoja wa Kisovieti, kwa michoro ileile. Za Marekani, kutoka kiwanda cha Forbes, zina herufi F ndogo mno iliyofichwa ndani ya nakshi za upande wa mbele. Za Kisovieti hazina. Bila lenzi hutaiona, na ukiikosa utakuwa umeiweka noti kwenye aina isiyo yake. Lira za Italia za matoleo ya 1943 na 1943A nazo zina mchezo huohuo wa F.

Dola za Marekani zenye neno HAWAII, zilizotolewa kwa ajili ya visiwa hivyo wakati wa vita, zinataka jicho kali. Rangi ya muhuri na ya namba lazima iwe kahawia. Dola 1 ya kawaida ya toleo la 1935A ina muhuri wa buluu. Ukikuta HAWAII juu ya noti yenye muhuri wa buluu, kuna mtu kaipiga chapa nyumbani kwake. Za dola 5, 10 na 20 ni za benki ya San Francisco, kwa hiyo jina la mji mwingine linatosha kuikataa. Dola zilizotolewa kwa majeshi ya Marekani Afrika Kaskazini zina muhuri wa manjano na namba za buluu.

Kwa nakala bandia natumia vitu viwili. Tochi ya urujuanimno gizani: karatasi ya miaka ile hubaki hafifu, ya kisasa hung'aa buluu-nyeupe kwa sababu ya dawa ya kung'arisha. Ila noti iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa nayo hung'aa, kwa hiyo sihukumu kwa tochi peke yake. Kisha lenzi: nakala ya printa huonyesha vidoto vya rangi mbalimbali, halisi ina wino mzima. Usiikatae noti ya Japani eti wino haupapaswi kwa kidole. Nyingi zilichapwa bapa tangu mwanzo.

Hali ya karatasi ndiyo inayopandisha au kuua bei. Naiinamisha noti chini ya taa ya pembeni. Mkunjo uliopigwa pasi huonekana kama mstari wa nyuzi zilizovunjika hata kama karatasi imenyooka. Napima kingo kwa rula, maana wapo wanaokata ncha zilizochakaa. Kutu ya pini na gundi ya utepe haziponi. Usifue, usipige pasi, usilaminishe.

Bei naitoa kwenye mauzo yaliyokwisha, wala siyo bei wanazoomba wauzaji. Natafuta mauzo matatu hadi matano ya hivi karibuni, namba ya Pick ileile na herufi yake ndogo inayotenganisha aina, hali ileile. Naondoa ya juu kupita zote, kisha natoa ada ya mnada. Kupeleka noti kwa wapimaji wa hali kunafaa pale tu ambapo bei yake ni mara kadhaa ya ada yao. Noti za Japani zenye herufi tupu, zilizokunjwa, hazifiki huko kamwe. Hizo naziuza kwa mafungu ya eneo, kila fungu ndani ya mifuko ya poliyesta. Plastiki ya PVC hugeuka kunata na kuharibu karatasi.