Kalenda ya msikitini ndo iliyomaliza ugomvi wetu wa watoto

Naandika na hasira kidogo maana kuna watu walinipotezea karibu mwaka mzima kwa ushauri wa kibarazani. Talaka nilitumiwa kwa meseji, niko Kibirizi, mwaloni hapa Kigoma, naanika dagaa, mikono yote mchanga, shoga yangu ndo akanisomea. Kila mtu eti yameisha mama Zai, beba wanao rudi kwenu Ujiji. Yameisha wapi! Kisheria ndoa inavunjwa na mahakama, na mahakama hawakupokei mpaka upite baraza la usuluhishi, iwe la kata au Bakwata (baraza la Waislamu), wakishindwa kuwapatanisha wanakupa fomu namba 3. Hayo nimeyajua karani ameshanirudisha na karatasi niliyomlipa mtu aniandikie, kama elfu 30 hivi zikaenda na maji.

Haya, baraza nikaenda, fomu nikapata. Hapa sasa mnicheke. Nikaikunja vizuri nikaiweka chini ya godoro, sababu wifi kasema nisimpeleke kaka yake mahakamani, matumizi atatoa mwenyewe. Akatoa kweli, miezi miwili. Kuja kuichomoa naambiwa mama hii imezeeka, inatakiwa isizidi miezi 6 tangu itolewe. Nikarudi baraza, wazee walewale, benchi lilelile, mwenyekiti ananiuliza tena kama bado nampenda. Safari hii sikulala nayo hata wiki, na daftari la matumizi nikabeba, ada, sare, dawa, mpaka meseji za miamala aliyotuma (chache).

Halafu kuna hili wanalosema, mtoto chini ya miaka 7 ni wa mama, basi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanzia hapo kweli, ila baba anaweza kupinga, hakimu anaangalia maslahi ya mtoto. Zai ana miaka 9, aliulizwa mwenyewe, akasema atakaa kwa mama ila samaki za baba, migebuka, anazitaka.

Kilichotutoa jasho ni siku za kuwaona. Ustawi wa jamii wakasema jumamosi na jumapili. Jamani, mwanaume mvuvi wa dagaa, usiku wa giza yuko ziwani na taa, asubuhi amelala kama gogo, watoto wanashinda kwa jirani, mara ya pili mdogo kanirudia na ndala moja. Nikawaza usiku kucha, asubuhi nikabandua kalenda ya msikitini ukutani, nikazungushia peni nyekundu kuanzia tarehe 11 mpaka 19 za mwezi wa Kiislamu, yaani siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa na wavuvi wako nchi kavu. Yule dada wa ustawi akaiangalia, akacheka, akaita na wenzake waje waone. Baba Zai mwenyewe akabaki anasema "hapo sawa" mara tatu. Tukaandikishana, mbalamwezi kwa baba, giza kwangu, shule hakosi mtu, hakimu akaiingiza kwenye amri yake. Na mie darasa la saba tu!

2024 ziwa Tanganyika lilipofungwa wavuvi wasivue, Mei mpaka Agosti, kalenda ikavurugika, akawataka miezi yote mitatu. Nikamwambia shule iko Ujiji, njoo wewe. Akawa anawafuata shuleni na baiskeli kila jioni, sikutegemea.

Mwezi huu mbalamwezi imeangukia mitihani ya Zai, tushaanza kuvutana.